Kimya cha Siku Mbili

 

Nilipoombwa kuzungumza juu ya huduma za kuwaangalia wazee na wagonjwa kwa mbali wakiwa majumbani mwao, na jinsi huduma hizo zinavyohama kutoka analogi kwenda dijitali, walionialika walikuwa wamefikiria ukumbi wa hospitali. Kumbi hazikosekani. Hospitali ya Kenyatta ni jirani yetu, Hospitali ya Mbagathi ni jirani yetu, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iko papa hapa kwenye barabara ya Mbagathi. Hata hivyo niliomba tukutane Kenyatta Market. Sababu yangu ni kufuli.

Soko hili hufunguliwa kibanda kwa kibanda. Makaa yanawashwa, viti vya wasusi vinatolewa nje, wasichana wanasimama njiani kuwaita wateja. Ikifika saa tatu asubuhi na kibanda kimoja bado kina kufuli, jirani yake hulitazama lile kufuli mara mbili, kisha huuliza, "Mbona mama hajafungua?" Saa nne mtu amekwisha kumpigia simu. Simu isipopokelewa, kijana hutumwa Ngumo, au Kibera, au kokote mama anakokaa, aende abishe hodi. Hakuna mwenye kazi hiyo kwa maandishi, wala hakuna anayelipwa kwayo. Lakini tazameni jinsi mfumo huu ulivyo: mwenye shida hakupiga simu, hakubonyeza chochote, hakuomba msaada. Kutofungua kwake ndiko kulikoita watu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Wodini sikuwahi kumwogopea sana mgonjwa anayepiga kelele; mwenye kelele ana pumzi, na kelele zake zitamleta mtu. Nilimwogopea aliyenyamaza kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Kwa hiyo leo nikiulizwa kama mashine mpya ni nzuri, mimi huuliza kwanza: ikipata kimya, inafanya nini?

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu limechafuliwa. Katika uchaguzi wa 2013 wanasiasa wetu waligawana majina: hawa wakajiita timu ya dijitali, wale wakaitwa analogi. Kura zilihesabiwa zikaisha, tusi likabaki. Mama akipapasa simu akakosea, binti yake humwambia, "Mama, wewe ni analogi." Nimelisikia hapa sokoni, na nimewaona kina mama wakilicheka huku limewaingia. Analogi haina aibu yoyote. Ni namna ya kubeba sauti: mtetemo wa sauti yako unageuzwa kuwa mtetemo wa umeme unaofanana nao, ukipanda unapanda, ukishuka unashuka, mpaka sikio la pili. Dijitali huikata sauti hiyo hiyo vipande vidogo sana, huvipa namba, huvituma, na upande wa pili huviunga upya. Hiyo ndiyo tofauti. Haina uhusiano na umri wa mtu wala akili yake.

Huduma ya mbali tulikuwa nayo hapa Nairobi kabla ya kompyuta kutufikia. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la madaktari warukao ambalo leo tunaliita Amref. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaanza kujenga mtandao wa redio kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, huo ulioko ng'ambo ya Kibera. Ulikua hata ukaunganisha vituo zaidi ya mia moja: hospitali za misheni, zahanati za jangwani, mahali ambapo nguzo ya simu haikuwa imefika na kwingine bado haijafika. Muuguzi aliyekuwa peke yake na mama mjamzito anayetokwa damu alibonyeza kitufe, akasema, akaachia, akasikiliza. Daktari alimwelekeza kwa sauti iliyojaa mkwaruzo. Ikibidi, ndege iliruka.

Redio za namna hiyo zilikuwa na kasoro ambayo mimi siwezi kuitetea. Kila mwenye redio alisikia. Ugonjwa wa mtu ulitangazwa kutoka kituo hadi kituo, na aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kusema alijua habari za mgonjwa asiyemhusu. Lakini zilikuwa na fadhila moja iliyotokana na kasoro hiyo hiyo. Vituo vikiwa vingi kwenye masafa mamoja, asiyeitika hujulikana. Fulani kaitwa, hakujibu. Kaitwa tena, hakujibu. Wote wamesikia kimya chake.

Simu ya mezani ilikuwa na fadhila nyingine, na hii nataka tukae nayo kidogo kwa sababu wengi hatukuijua hata tulipokuwa tukiitumia. Wenye simu hizo nchini walikuwa wachache. Mwaka 2000, shirika la zamani la posta na simu likiwa limegawanywa mwaka mmoja tu kabla, laini za waya zilikuwa kama laki tatu, na watu walikuwa karibu milioni thelathini. Kupata laini kulihitaji miaka ya kusubiri na kujuana. Lakini ule waya wa shaba ulileta pia umeme wake wenyewe kutoka kituo cha simu, kiasi cha volti 48. Stima ikipotea mtaa mzima, simu ya mezani ilikuwa hai. Mzee aliweza kuinua mkono wa simu gizani akapiga.

Huko Uingereza, ambako wengi wetu tuna dada au binti anayewahudumia wazee, huduma nzima ya kuwaangalia wazee ilijengwa juu ya fadhila hiyo ya waya. Bibi anayeishi peke yake huvaa kitufe shingoni mfano wa mkufu, au mkononi mfano wa saa. Akianguka, anakibonyeza. Kijisanduku kilichounganishwa na simu ya mezani hupiga kwenye kituo, na mtu wa kituo humwuliza kwa kipaza sauti, "Umeumia? Nimtume nani?" Wanaotegemea huduma hiyo wanakadiriwa kuwa milioni 1.8. Sasa kampuni za simu za huko zinang'oa mitambo ya waya na kuhamisha kila laini kwenye intaneti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kwa njia mbili ambazo ni vizuri tuzielewe. Vijisanduku vya zamani huzungumza na kituo kwa milio, milio ya haraka yenye maana: mimi ni nani, niko wapi, nimeita kwa nini. Sauti ikikatwa vipande na kimoja kikapotea njiani, sikio la binadamu husamehe. Tunajaziana maneno hata kwenye simu inayokatakata. Mashine haisamehi. Mlio mmoja ukipungua, ujumbe haukufika, na bibi yule pale sakafuni hajui kwamba haukufika. Njia ya pili ni stima. Kifaa cha intaneti cha nyumbani kinategemea plagi ukutani. Stima ikienda, simu imekwenda nayo, na kitufe cha shingoni kimebaki kuwa pambo.

Mwisho wa kuhama ulikuwa umepangwa Desemba 2025. Baada ya wazee kadhaa kugundulika kwamba walihamishwa na vitufe vyao vikafa, kampuni kubwa mwezi Desemba 2023 zilitia sahihi ahadi kwamba hazitamhamisha kwa lazima mtu mwenye kifaa hicho kabla ya kuhakikisha ana kingine kinachofanya kazi. Kisha mwisho ukasogezwa mpaka Januari 2027. Mnaona kwamba nchi tajiri, yenye orodha za kila kitu, ilifika mahali ikakiri kuwa haikuwa na orodha ya wazee waliovaa vitufe. Kampuni ya simu haikujua nani anavaa. Halmashauri iliyotoa kitufe haikujua laini ipi inahamishwa lini.

Na msimamizi wa mawasiliano wa huko alizitaka kampuni zihakikishe kwamba mteja anayetegemea simu hiyo anaweza kuita msaada kwa angalau saa moja baada ya stima kupotea. Saa moja! Mama wa kibanda cha kona ameinua mkono tangu nilipotaja stima. Nimekuona, mama, nitakuja kwako. Sote tunaikumbuka Ijumaa ya 25 Agosti 2023, stima ilipopotea usiku karibu nchi nzima, na kwingine watu wakalala gizani wakaamka na bado hakuna. Usiku ule saa moja ingemfaa nani? Minara ya simu ina betri na jenereta zake, na nyingi zilistahimili. Lakini simu ya mzee nyumbani ilikuwa na chaji kiasi gani? Atakayetuletea mfumo wa kuwaangalia wazee wa Kenya lazima ajibu kwa hesabu ya Kenya, ya usiku kucha na mchana wake.

Kuna watu watasema sisi tuna bahati, kwamba hatukuwahi kuwa na vitufe hivyo na kwa hiyo hatuna cha kuhamisha. Nilikuwa nikisema hivyo mimi mwenyewe. Nataka niwaeleze kwa nini nimeacha, na ni habari ya nyumbani kwetu.

Mama yangu anaishi Taita, milimani. Alikuwa na simu ya kabambe, ile yenye tochi, iliyofungwa kwa mpira wa bendi kifuniko kisidondoke. Kila asubuhi baada ya sala alinibipu. Ililia mara moja, ikakatika. Maana yake: nimeamka, mifupa iko sawa, nenda kazini. Sikupokea hata siku moja, kwa sababu ingemla salio, naye alikuwa na shilingi chache alizozitunza mwezi mzima. Simu isiyopokelewa haitozwi. Ikifika saa moja na simu haijalia, nilimpigia jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, naye alikwenda. Miaka sita tuliishi hivyo. Jirani alikwenda mara nne tu: mara tatu simu ilikuwa haina chaji, mara moja mama alikuwa na homa kali.

Hiyo, ndugu zangu, ilikuwa huduma kamili. Ilikuwa na ishara, ilikuwa na saa yake, ilikuwa na mtu wa kuihesabu, na ilikuwa na miguu ya kwenda. Sikujua kwamba ninayo, kwa sababu haikuwa na jina wala sanduku.

Kisha sisi watoto tukachanga, tukamnunulia simu ya kupapasa. Tulitaka kumwona uso. Nikamwekea programu ya ujumbe, nikamwonyesha mjukuu jinsi ya kumsaidia. Tukaonana, tukalia kwa furaha. Kubipu kukaisha kwa sababu kulionekana ni jambo la kizamani: ningeweza kufungua tu programu nikaona kama mama yuko mtandaoni. Alhamisi moja niliangalia saa mbili asubuhi, nikaona alama ya kijani. Nikaenda na shughuli zangu. Alama ilikuwa ya kweli. Simu ilikuwa mkononi mwa mjukuu, ameichukua kwenda nayo dukani. Mama alikuwa ameanguka nyuma ya jiko tangu alfajiri, mfupa wa nyonga umevunjika. Jirani alimkuta saa saba mchana alipokuja kuazima jembe.

Mama yu hai na anatembea na mkongojo. Lakini nimeirudia asubuhi ile mara nyingi. Tulihamisha sauti, tukahamisha picha, na ile sehemu iliyokuwa ikimlinda hatukuihamisha kwa sababu hatukujua kwamba ipo. Alama ya kijani iliniambia kifaa kiko hai. Mimi nikaisoma kama habari ya mama.

Sasa nije kwenye kazi iliyofanywa karibu kabisa na hapa, ambayo mimi naiona kuwa ya kujivunia, na nasikitika kwamba wengi wenu hamkuwahi kuambiwa. Mwezi Mei 2007, miezi miwili tu baada ya M-Pesa kuzinduliwa, watafiti wakiongozwa na daktari Richard Lester walianza kuwaandikisha wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za virusi vya ukimwi katika kliniki tatu: moja Pumwani, moja Kajiado, na moja katika hospitali ya Coptic, hapo Ngong Road. Walikuwa watu 538. Nusu walipewa huduma ya kawaida. Nusu nyingine, kila Jumatatu, walipata ujumbe mfupi kwenye simu. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili. Alijibu "Sawa", au alijibu "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi. Na asiyejibu kabisa kwa siku mbili alipigiwa simu vile vile.

Nilipousoma utaratibu huo kwa mara ya kwanza niliuweka chini, nikatoka nje nikazunguka. Ni kufuli la kibanda! Ni kubipu kwa mama yangu! Mtu alikuwa amekaa akakiandika kimya kuwa jibu la tatu, lenye muda wake na muuguzi wake.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Katika waliopata ujumbe, 168 kati ya 273 walisema wametumia dawa zao ipasavyo, yaani asilimia 62. Katika wasiopata, 132 kati ya 265, asilimia 50. Damu ilipopimwa, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya la pili. Gharama ya ujumbe ilikuwa kama dola 20 kwa mwezi kwa wagonjwa mia moja. Hakuna aliyenunuliwa simu janja. Kabambe ilitosha, hata simu ya kuazima kwa mwenzi nyumbani ilikubaliwa.

Litazameni pia neno lenyewe. "Mambo?" haina ugonjwa ndani yake. Mume akiichukua simu, mama mwenye nyumba akiichungulia, kondakta akiiokota garini, ataona salamu ya mtu kwa rafiki yake. Redio ya Wilson haikuweza kutunza siri. Salamu ya Kiswahili iliitunza bila neno la siri wala alama ya kidole. Leo naona programu za afya zenye jina la ugonjwa juu ya kioo, na kengele inayosema kwa herufi kubwa kwamba ni wakati wa dawa fulani. Aliyeziunda hajawahi kulala chumba kimoja na watu watano.

Katika Chulaimbo, upande wa Kisumu, watafiti wengine walijaribu ujumbe wa kukumbusha dawa, wakatoa matokeo yao 2011. Waliwapa wengine ujumbe wa kila siku, wengine wa kila wiki. Wengine mfupi, wengine mrefu wenye maneno ya kutia moyo. Waliofaidika ni wa kila wiki: asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kutumia dawa, dhidi ya asilimia 40 kwa wasiopata ujumbe. Wa kila siku hawakufaidika hivyo, na maneno marefu hayakuongeza kitu. Mimi sishangai. Mtu akikupigia hodi kila saa utaacha kumfungulia.

Ningekuwa mdanganyifu nikiishia hapo. Timu iliyoanzisha "Mambo?" iliipeleka pia Kibera, katika kituo cha afya cha jamii kilichokuwa chini ya Amref, dakika chache kutoka tulipokaa. Kati ya 2013 na 2015 waliandikisha watu 700, wakitaka kuona kama ujumbe ungewafanya wagonjwa wapya wasipotee kliniki ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya mwaka, waliobaki katika kundi la ujumbe walikuwa asilimia 79, na katika kundi lisilo na ujumbe asilimia 81. Hakuna tofauti. Ujumbe ule ule, mji ule ule, haukusaidia.

Nimeikalia habari hii kwa muda mrefu kuliko ile nzuri. Wapo watakaosema inathibitisha kwamba simu ni mchezo tu. Tafsiri yangu ni nyingine, nanyi mnaweza kuikataa. Nane kati ya kila kumi walibaki hata bila ujumbe. Hicho ni kiwango cha juu, na naamini kinatokana na kliniki iliyoko katikati ya watu wake, yenye wafanyakazi wanaozijua njia za Kibera. Mahali ambapo miguu inatembea tayari, simu haina pengo la kuziba. Ikiwa nimesoma sawasawa, basi anayetaka kununua mashine ili apunguze wafanyakazi ameisoma Kibera kinyume.

Tuje leo. Tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park, serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, pamoja na simu janja za kuandikia habari za kaya. Kila mhudumu ana kaya mia moja hivi. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Oktoba, sheria nne za afya zilitiwa sahihi, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Dijitali. Daftari la mhudumu, lile la kurasa zilizokunjwa pembe, limeanza kuhamia kwenye kioo. Huko ndiko kuhama kwetu, na kunatuhusu kuliko vitufe vya Uingereza. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Wakenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi kuwa kama milioni 2.7, na wengi wao watoto wako mjini, kama mimi.

Ninaiunga mkono simu ile. Daftari lilinyeshewa, lilipotea, lilisomwa na mtu mmoja tu. Lakini nimewaona wahudumu wakizitumia, na naogopa jambo moja. Simu hupokea kile kilichoandikwa. Mzee aliyetembelewa ana mstari wake: presha hii, sukari hii, tarehe hii. Mzee ambaye hakutembelewa hana mstari, na asiye na mstari haonekani popote katika jedwali la ofisini. Mhudumu wa zamani alipofungua daftari aliona ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu ulimchoma. Kioo hakina ukurasa mtupu mpaka mtu aamue kuuweka.

Kwa hiyo ninaomba uwekwe. Ninaomba kila mkataba wa kununua mfumo wa kuwaangalia wagonjwa na wazee useme wazi: mtu asipoonekana kwa siku ngapi jina lake litainuka lenyewe, litainukia kwa nani, na huyo mtu atakwenda kwa nauli ya nani. Wahudumu hawa wanalipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na pesa hizo huchelewa. Hapa Ngumo kwenda nyumba ya pili ni hatua. Taita ni kupanda mlima. Turkana ni siku nzima. Mfumo unaoweza kuinua majina hamsini ya walionyamaza, bila kulipia miguu ya kuwaendea, utamfanya mhudumu ajifunze kuyapuuza, na akishajifunza, tumepoteza zaidi ya tulichonunua.

Ninaomba pia asiwepo mtu atakayezimiwa cha zamani kabla ya kipya kupimwa mikononi mwake. Mnakumbuka Februari 2015, mitambo ya televisheni ya analogi ilipozimwa na vituo vikubwa vikatoweka kwa zaidi ya wiki mbili. Tulilalamika nchi nzima, na tulilalamika siku ile ile, kwa sababu televisheni iliyozimika hujitangaza: kioo ni cheusi na watoto wanalia. Kifaa cha kuitia msaada kikifa hakitoi habari. Kinaning'inia shingoni vile vile, kizuri, na familia inalala usingizi. Ndiyo maana hakiwezi kuhamishwa kwa tangazo la gazetini. Mtu aende nyumbani kwa mzee, akae naye, stima izimwe makusudi, mzee mwenyewe abonyeze kwa vidole vyake, na upande wa pili pasikike sauti ya mtu.

Simu za kabambe nazo tuzilinde kwa muda wake. Naona huduma mpya zinazodai simu janja na bando kabla hazijakusalimu. Mzee anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, hawezi kuzikata zikawa unga, dawa na bando. Ujumbe mfupi na simu inayolia bado vinafika pasipofika intaneti, na Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikawa nzito nchini, ujumbe mfupi uliendelea kwenda.

Mama yangu sasa ana simu mbili. Ya kupapasa ni ya kuonana Jumapili. Ya kabambe, yenye mpira wa bendi, hairuhusiwi kuguswa na mjukuu, inakaa mfukoni mwa shuka lake, na kila asubuhi inalia kwangu mara moja. Jirani wa ng'ambo ya kijito nampelekea salio kila mwisho wa mwezi, kama mshahara, kwa sababu nimetambua kwamba ni kazi.

Nimebeba daftari hapa, liko juu ya meza ya nyama pale, limefunikwa gazeti lisishike mafuta. Kabla hamjarudi vibandani, mwenye mzazi anayeishi peke yake aandike jina la jirani wa mzazi huyo, si la mzazi. Asiyemjua jirani ampigie mzazi sasa hivi amwulize.

Nimemaliza upande wangu. Mama wa kona, ulitaka kusema kuhusu stima. Karibu.